Mafose ya Wabeleji na Mashimo ya Avoka: Historia ya Maji ya Mvua ku Milima Yetu

Simama siku moja ku kilalo cha Kimemi, hapa Butembo, nusu saa kisha mvua kubwa. Utaona maji yamekuwa mekundu kama tofali mbichi. Wapita njia hawashangai tena, sababu tumezoea. Lakini wekundu ule ni shamba la mtu. Ni udongo wa juu, ule wenye mbolea, ambao mama fulani aliulima mu asubuhi, na jioni umekwisha kwenda zake. Wazee wanasema: maji yakimwagika hayazoleki. Na udongo vilevile: ukishafika mtoni, hakuna atakayeurudisha ku mlima.

Mu kitabu hiki wenzangu wameandika juu ya ndoa, juu ya majina ya watoto, juu ya ngoma. Mimi nataka kuandika juu ya maji ya mvua yanayoshuka ku milima yetu na juu ya miti ya matunda inayoweza kuyashika. Mtu anaweza kuuliza: hii ni desturi gani? Hii si kazi ya agronomo? Najibu kwamba namna watu wanavyotumia maji na udongo ni desturi kama desturi zingine. Ina wazee wake, ina magomvi yake, na ina kumbukumbu mbaya ambayo ingali inatuzuia. Tukiijua historia ile, tutaelewa kwa nini watu wenye akili na wenye bidii wanaacha udongo wao uende, na tutajua la kufanya.

Embula na mwami

Wayira walipovuka Semliki na kupanda ku milima ya magharibi, walikuta pori kubwa. Walikata miti, wakapanda ulezi, ndizi, maharage, viazi. Shamba likichoka, waliliacha lipumzike miaka mingi, majani na vichaka vikarudi, nao wakaenda kufungua pahali pengine. Kupumzisha shamba njo ilikuwa dawa yao ya udongo. Mlima wenye vichaka hauna shida na mvua: majani yanavunja nguvu ya matone, mizizi inashika, maji yanaingia polepole.

Mvua yenyewe, embula, haikuwa jambo la mtu mmoja mu shamba lake. Ilikuwa jambo la utawala. Mwalimu Mmarekani Randall Packard, aliyechunguza historia ya Bashu, alitoa kitabu mwaka wa 1981 akionyesha kwamba kazi ya mwami ilikuwa kuwaunganisha wote wenye uwezo juu ya nchi: waleta mvua, wenye dawa, wakubwa wa koo. Mvua ikikuja kwa wakati wake na kwa kipimo chake, watu walijua kwamba nchi imepangwa vizuri. Jua kali likikaza ao mvua ikiharibu mashamba, waliuliza: ni magomvi gani yako kati ya wakubwa?

Leo tunaweza kucheka mawazo yale. Mimi sicheki. Wazee wetu walisema kwamba njaa haitoki mbinguni tu. Inatoka pia mu mapatano yaliyovunjika kati ya watu juu ya nchi. Tutarudi ku neno hilo mwishoni.

Milima inajaa

Kwa nini basi udongo ulianza kwenda? Wengine wanasema ni uvivu ao ujinga wa walimaji. Historia inasema vingine.

Mwaka wa 1925 Wabeleji waliunda Parc Albert, ile tunayoita leo Parc ya Virunga. Ilipanuliwa mu miaka iliyofuata, hata bonde la Semliki kwa sehemu kubwa likaingia ndani. Mu bonde lile tena ugonjwa wa malale uliua watu, na mu miaka ya 1930 Leta aliwahamisha watu wengi akawapandisha ku milima. Ku milima, mu Lubero, wakoloni wazungu walipewa mashamba ya ngano, kahawa arabika, mboga na kinkina. Upande wa Butembo kampuni ya madini, MGL, ilikusanya wafanyakazi, na wafanyakazi walihitaji kula. Watoto nao walizaliwa wengi, sababu ku baridi ya milima malaria haikuwa na nguvu kama mu bonde.

Basi watu waliongezeka mu nchi iliyopunguka. Shamba lililopumzika miaka kumi likapumzika mitatu, kisha mmoja, kisha hapana. Walianza kulima hata ku miteremko ambapo mbuzi anasimama kwa shida. Udongo wa Butembo na Lubero si kama ule wa Rutshuru, ambapo volkano zimeweka udongo mpya wenye nguvu. Wetu ni udongo wa zamani sana. Ngozi yake ya juu ni nzuri lakini ni nyembamba. Ukiitoa, chini ni udongo mwekundu ambao maharage yanauota kwa huzuni.

Amri ya mafose

Wabeleji waliona hatari ile. Kisha vita ya 1940-1945 waliunda mu Kivu kazi ya pekee, Mission anti-érosive, yaani misioni ya kupigana na mmomonyoko. Wazo lao lilikuwa hili: kuchimba ku kila mteremko mafose yanayofuata usawa wa mlima, bila mlango wa kutokea, ili maji yakae mule na kuzama mu udongo; na ku ukingo wa kila fose kupanda mistari ya majani kama setaria na tripsakumu. Kwa upande wa elimu, wazo lile halikuwa baya. Maji yanayokimbia yanabeba udongo. Maji yanayosimama yanauacha.

Lakini angalia namna kazi ilivyofanyika. Tangu amri ya 5 Desemba 1933, kila mwanaume wa kijiji alipaswa kumfanyia Leta kazi za lazima hata siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka wa 1942, siku ziliongezwa hata 120. Kati ya kazi zile kulikuwa barabara, kulikuwa mashamba ya lazima, na mafose yakaingia mu orodha ileile. Moniteri alikuja na kamba yake akapima mlima. Sefu alihesabu watu. Asiyechimba alilipa faini ao alifungwa. Fose halikuwa la mwenye shamba. Lilikuwa la Leta, ndani ya shamba la mtu.

Walimaji walikuwa na malalamiko mengine pia, na yalikuwa ya kweli. La kwanza, fose linakula pahali: mtu mwenye kashamba kadogo alipoteza mistari ya maharage. La pili, kuchimba kulitoa udongo mwekundu wa chini na kuutupa juu ya udongo mzuri. La tatu, fose linajaa poto-poto, na kila mwaka lapaswa kuzolewa upya, ni kazi isiyo na mwisho. La ine, na kwangu hili njo kubwa kushinda yote: ku fose lile hakukuota kitu cha kuliwa na mtoto. Setaria ni chakula cha ng'ombe, na familia nyingi zilikuwa na mbuzi wawili tu. Mtu alijenga ukuta wa kulinda nyumba ambayo hakuambiwa kama ni yake.

Hatukuwa sisi peke yetu. Tanganyika, ku milima ya Uluguru karibu na Morogoro, Waingereza walilazimisha watu kukata matuta kama ngazi tangu mwaka wa 1950. Kule pia udongo mbaya ulipanda juu na mavuno yakapunguka. Julai 1955 watu walikataa wazi, kukawa ghasia, mtu akauawa, na mpango mzima ukaachwa. Mtu angeweza kusema kwamba Waluguru hawapendi maendeleo. Kumbe Waluguru walikuwa wamehesabu vizuri.

Uhuru ulipofika

Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru, na pamoja na uhuru mafose yalianza kufa. Hakuna aliyekuwa na lazima ya kuyaziba kwa hasira, ingawa wengine walifanya hivyo. Ilitosha kuacha kuyazoa. Misimu miwili ao mitatu ya mvua, fose linajaa. Mwaka wa nne linalimwa. Kisha ikaja vita ya 1964, na nani angefikiri habari ya mafose wakati anajificha porini?

Mu miaka ya 1970, zamani za Mobutu, tuliona salongo. Siku ya salongo kila mtu anatoka na jembe, anafyeka kando ya barabara, anazibua mitaro. Kwa nguvu ya salongo barabara zingine ziliponywa, si neno. Lakini ku masikio ya wazee wengi salongo ilikuwa mdogo wake wa kazi ya Mbeleji. Njo maana hata leo, ukifika ku kijiji ukasema «tuchimbe mafose», utaona mzee mmoja anatazama chini. Hakatai udongo wake. Anakumbuka moniteri na kamba yake.

Tangu mwisho wa miaka ya 1980 kulikuja mipango mingine ya miti: WWF kupitia kazi yake kandokando ya Virunga, na tangu 2007 mpango wa Ecomakala, wa kupanda miti ya makala ili watu wasikate ile ya Parc. Milima mingi ya Lubero na Beni ilivaa ekaliptusi na akasia. Ekaliptusi ilitusaidia kweli: mbao, miti ya kujengea, makala, feza ya shule. Lakini ekaliptusi inakunywa maji mengi, na chini yake majani hayapendi kuota, kwa hiyo mvua kali inaweza kupita chini ya ekaliptusi na kubeba udongo kana kwamba hakuna mti. Tena ekaliptusi mara nyingi ni mti wa mwenye mali: anapanda mlima mzima, anaishi mjini, anangoja. Mwenye kuhitaji kula mwezi kwa mwezi anahitaji mti mwingine.

Yaliyotokea Machakos

Hapa nisafiri kidogo hata Kenya, sababu kule historia ileile ilianza kama yetu na ikaisha vingine. Ukambani, mu wilaya ya Machakos, miaka ya 1930 wazungu waliandika kwamba nchi ile imekufa: vilima vimebaki mawe na makorongo. Mwaka wa 1938 serikali ilitaka kupunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, nao wakatembea hata Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kukataa. Kisha vita matuta ya lazima yalikuja kule kama huku. Kukaribia uhuru, watu waliyaacha kama huku.

Lakini kisha uhuru Wakamba walirudia kuchimba, mara hii kwa hiari, mu vikundi vyao vya kusaidiana vinavyoitwa mwethya. Walichagua namna yao. Ile waliyoipenda inaitwa kwa Kiswahili chepesi «fanya juu»: unachimba mfereji kufuata usawa wa mlima na kutupa udongo upande wa juu, ili ujenge ukingo, mwaka kwa mwaka mvua yenyewe inasawazisha shamba nyuma ya ukingo ule. Ukitupa udongo chini, ni «fanya chini». Na ndani ya mfereji, pahali maji yanasimama, walipanda ndizi na papai. Ku kingo na mu mashamba, maembe na machungwa. Wengine waliongoza hata maji ya barabara yaingie mu shamba.

Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha habari ile mwaka wa 1994. Walionyesha kwamba watu wa Machakos walitoka karibu 240,000 mu miaka ya 1930 hata karibu 1,400,000 mwaka wa 1990, na udongo ulikuwa unalindwa vizuri kushinda zamani. Watu waliongezeka zaidi ya mara tano na mmomonyoko ukapunguka! Sababu walizozitaja ni soko la Nairobi lililo karibu, kahawa na matunda vyenye bei, na kwamba kila mtu alijua shamba ni lake. Jembe ni lilelile, mlima ni uleule. Kilichobadilika ni nani anakula ku mfereji.

Matunda yetu ni wageni waliooa hapa

Turudi kwetu. Miti ya matunda tunayoiona ya kienyeji, mingi ni wageni. Avoka, papai, pera na marakuja asili yao ni Amerika. Embe alitoka Asia. Walitufikia kwa njia ya biashara, ya wakoloni na ya misioni. Leo ni watu wa hapa. Ku baridi ya Butembo na Lubero avoka, marakuja, pera na matomate ya miti wanapenda sana. Ukishuka Beni, ambapo kunapungua mita 600 hivi za urefu na joto linapanda, machungwa, mandarini, maembe na papai wanafurahi. Beni tena ilijulikana hata ngambo kwa papaini, ule utomvu wa papai unaokauka na kuuzwa.

Tumejifunza pia kwa uchungu kwamba zao moja halitoshi. Kahawa robusta ya Beni iliangushwa na ugonjwa wa kunyauka tangu miaka ya 1990. Ndizi nazo zilipata mnyauko wa bakteria, ulioonekana mu Kivu ya Kaskazini mwaka wa 2001. Mwenye miti ya namna nyingi analala usingizi.

Lakini kuna swali ambalo watu wa mipango hawajibu vizuri: kama Butembo inapata mvua ya karibu milimeta 1,300 kwa mwaka, kwa nini mti mdogo wa avoka unakauka? Jibu ni kwamba mvua yetu inakuja kwa nguvu na kwenda mbio. Kisha kunakuja Januari na Februari, tena Juni na Julai, ambapo inapunguka. Mti wa mwaka mmoja una mizizi mifupi; mlima ulionyolewa haukutunza maji; mti unakufa wiki tatu mbele ya mvua kurudi. Mwenye shamba anasema: pahali hapa hapapendi avoka. Kumbe pahali hapana kiu ya mvua, pana kiu ya shimo.

Shimo linavyofanya kazi

Nieleze kwa hesabu ndogo, sababu hesabu hii kila mtoto wa shule anaiweza. Mvua ya milimeta moja juu ya meta moja ya mraba ni litre moja ya maji. Chukua sehemu ya mteremko ya meta za mraba 20 juu ya mti wako. Ikinyesha milimeta 30 mu mchana mmoja, hapo zimeanguka litre 600. Tuseme theluthi moja tu ndiyo inakimbia: ni litre 200, yaani bidoni kumi. Ukiongoza maji yale ku mti wako kwa kingo mbili ndogo za udongo, kama mikono iliyofunguliwa, na chini ya mti ukajenga ukingo wa nusu mwezi, mti umekunywa bidoni kumi ambazo hakuna mama aliyezibeba ku kichwa.

Shimo lenyewe walimaji wengi wanalichimba santimeta 60 kwa kila upande. Udongo wa juu wanauweka kando pekee. Wa chini, ule mwekundu, kando nyingine. Wakirudisha, udongo mzuri uliochanganywa na mbolea ya mbuzi unaingia ku mizizi, na ule mwekundu njo unajenga ukingo. Lile lalamiko la pili la wazee wetu limejibiwa hapo. Kisha wanafunika kwa majani makavu, lakini hayagusi shina, sababu yakiligusa linaoza. Ku ukingo wanapanda majani ya mbuzi, ao maharage, ao marakuja inayotambaa. Hakuna pahali panapopotea.

Kuna hatari mbili lazima zisemwe. Avoka haipendi miguu mu maji: ikisimama mu poto-poto siku nyingi, mizizi inaoza na mti unakufa. Kwa hiyo mti unapandwa ku mgongo wa udongo kando ya shimo la maji, si mu kitovu chake, na ukingo unaachiwa mlango mdogo upande mmoja wa kupitisha maji ya ziada, yenye kuelekea ku majani mazito. Ya pili, mlima mkali sana ukiujaza maji unaweza kushuka wote, nyumba na watu. Pahali pa namna ile pa kuachia miti mizito na majani, si pa kukusanya maji. Moniteri wa zamani na kamba yake hakuuliza hayo. Alichimba kila pahali sawasawa.

Manjanja na majirani

Mu mji shida ni ileile kwa sura nyingine. Nyumba zetu za zamani za majani zilikunywa mvua. Manjanja hayanywi kitu. Nyumba yenye meta 6 kwa 8 ina meta za mraba 48. Kwa mvua ya milimeta 1,300 inapokea litre zaidi ya 62,000 kwa mwaka. Hata tukipoteza sehemu moja kati ya tano, zinabaki karibu litre 50,000: bidoni 2,500 za litre 20! Na mara nyingi mama wa nyumba ile anaamka saa kumi na moja kwenda kupanga mstari ku chemchemi.

Maji yale yanakwenda wapi? Yanashuka mu parsele ya jirani wa chini, anayeyasukuma kwa jirani mwingine, hata barabarani, na barabara inakuwa korongo. Kila kartiye inajua magomvi hayo. Mengine yalifika ku tribinali. Watu wanashitakiana juu ya mali ambayo kila mmoja angeweza kuitunza kwake. Pipa moja chini ya mfereji wa manjanja, shimo la mawe kwa maji ya ziada, ndizi tatu na avoka mbili ku mwisho wa parsele: korongo limepungua upana, watoto wamekula, jirani amenyamaza.

Udongo ni wa nani?

Sasa nafika ku jambo ambalo bila hilo yote niliyoandika ni bure. Maharage yanatoka mu miezi mitatu. Avoka ya mbegu inaweza kukungojesha miaka mitano na zaidi. Hata ile ya kubandikwa inaomba miaka mitatu hivi. Nani atapanda mti wa miaka mitano mu shamba alilolikodi kwa msimu mmoja?

Mu desturi yetu, na mu desturi nyingi za Kivu, mti ni shahidi. Mwenye kupanda mti wa kudumu anasema mbele ya wote: hapa ni kwangu. Njo maana mwenye udongo anamruhusu mlimaji kupanda mihogo lakini anamkataza kupanda miti. Haogopi avoka, anaogopa kesi ya kesho. Sheria ya udongo ya 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni wa Leta, na juu ya udongo wa desturi iliahidi amri ya Rais itakayoupanga. Miaka makumi ilipita bila amri ile, watu wakabaki kati ya karatasi na desturi. Mwanamke yuko chini zaidi: yeye njo analima, yeye njo anazoa shimo, lakini mti unahesabiwa wa bwana, na bwana akifa ndugu zake wanakuja kuhesabu miti.

Tena tangu Oktoba 2014, mauaji ya teritware ya Beni yamewatoa maelfu ya watu ku mashamba yao. Walikuja Beni mjini, walikuja Butembo, wakakodi vipande vya mteremko pembeni ya mji, vile ambavyo hakuna mwingine alivitaka. Wanalima juu chini ili wale haraka, na udongo ule njo unaopita chini ya kilalo cha Kimemi. Tutawaambia nini? «Pandeni avoka»? Mu shamba la nani?

Jambo hili si letu tu. Burkina Faso, mlimaji Yacouba Sawadogo alichimba mashimo madogo ya kukusanya maji, yanayoitwa zaï, mu nchi iliyokauka kabisa, akaotesha pori zima. Dunia ikamsifu, mwaka wa 2018 akapewa tuzo ya Right Livelihood. Lakini mji wa Ouahigouya ulipopanuka, sehemu ya pori lake ilipimwa kuwa viwanja vya nyumba. Alikufa 2023. Alishinda jua na mawe. Karatasi ya udongo ilimsumbua hata mwisho.

Kumalizia

Sisemi tungoje sheria. Kuna kazi ambayo kyaghanda zetu, makanisa yetu na wakubwa wa vijiji wanaweza kufanya bila kungoja Kinshasa. Mwenye udongo na mlimaji wakae pamoja mbele ya mashuhuda, waandike karatasi nyepesi: udongo unabaki wa fulani; miti ni ya fulani kwa miaka fulani; matunda yatagawanywa hivi; ukingo na shimo vitatunzwa na fulani; mlimaji akiondoka, miti itahesabiwa na kulipwa hivi. Jina la mama liandikwe pamoja na la baba. Mwenye udongo atapata mlima usiokwenda mtoni; mlimaji atapata sababu ya kuzoa shimo kila mwaka.

Sababu hiyo njo ilikosekana zamani za Wabeleji. Fose lao lililindwa na polisi, na polisi alipokwenda, fose lilikufa. Shimo la avoka linalindwa na avoka. Mtoto anayepanda mtini kuchuma ataona ukingo uliobomoka na kumwambia baba yake jioni.

Wazee wetu waliokaa ku kyaghanda usiku waliamini kwamba embula inakuja vizuri pahali watu wamepatana juu ya nchi. Mvua itakuja hata tusipopatana. Lakini kama itakaa kwetu ao itapita nyekundu chini ya kilalo, hilo bado liko mu mikono ya mapatano yetu.